Fundi hutafutwa gari likiwa zima: mwongozo kamili wa kumpata mekanika mwaminifu Kisumu na Nakuru

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu ananipigia simu saa kumi na mbili jioni, gari limezimika karibu na Awasi, watoto wamo ndani, na swali lake ni moja: "Unamjua fundi mzuri?" Jina lolote nitakalomtajia atalipokea, maana giza linaingia. Baada ya wiki mbili hunipigia tena. Ametumia elfu thelathini na gari bado linachemka.

Simlaumu, kwa sababu nami nimeshasimama kando ya barabara hiyo. Ila nikiwatazama walimu wenzangu, majirani na mashemeji zangu wawili ambao nimewasaidia katika jambo hili, naona wote hukwama mahali pamoja: humtafuta fundi wakati hawana nafasi ya kumkataa.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Utamtafuta fundi gari likiwa zima, utampa kazi ndogo ya kulipwa, utamtazama akiifanya, kisha utaamua. Tenga wiki tatu hivi. Mimi niko Kisumu, na mifano mingi ni ya huku, lakini dada yangu amezifuata hatua hizi Nakuru na hakuhitaji kubadilisha chochote isipokuwa majina ya barabara.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari dogo la gari. Likae ndani ya gari, si nyumbani. Kila kazi iandikwe tarehe, kilomita, kilichofanywa, spea iliyowekwa na kiasi ulicholipa.
- Nambari ya chasi na modeli ya injini. Nambari ya chasi imo kwenye logbuku. Modeli ya injini mara nyingi imeandikwa kwenye kibati kilicho chini ya boneti au karibu na mlango.
- Simu yenye kamera na nafasi ya picha.
- Tochi.
- Rangi ya kucha, ya rangi kali. Nyekundu au kijani. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya tano.
- Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kile kidogo cha OBD2 kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth. Si lazima, lakini kinasaidia sana. Vile vya bei nafuu havisomi kila gari lililotoka Japani, kwa hiyo kijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa.
- Pesa za jaribio. Kiasi cha sevisi mbili ndogo, kiwekwe kando.
- Asubuhi mbili za katikati ya wiki. Jumamosi gereji hujaa na fundi hana muda wa kukueleza kitu.

## Hatua ya 1: Anza kabla hujalazimika

Gari lililozimika humnyima mwenyewe nguvu ya kusema hapana. Fundi mbaya analijua hilo, na bei yake hupanda kadiri jua linavyoshuka.

Ikiwa gari lako tayari limekufa unaposoma haya, usianze kutafuta fundi wa kudumu leo. Lipia kukokotwa hadi nyumbani, au hadi kituo cha mafuta chenye mlinzi, kisha lala. Gharama ya kukokota huuma, lakini haijawahi kuzidi gharama ya injini kufunguliwa gizani kando ya barabara. Ukilazimika kutengeneza hapohapo, tengeneza kile tu kitakachokufikisha nyumbani: mkanda uliokatika, hozi iliyopasuka, waya wa betri uliolegea. Akitaka kufungua injini, mwambie hapana.

Umefaulu ikiwa: gari linatembea, huna haraka, na unaweza kuondoka kwenye gereji yoyote bila kuacha ufunguo.

## Hatua ya 2: Lijue gari lako kidogo tu

Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji majibu manne: Je, injini yako ina cheni au mkanda wa taimingi? Inachukua oili ya aina gani, lita ngapi? Gia boksi ni ya aina gani na inataka mafuta gani? Mara ya mwisho kila kimoja kilibadilishwa lini?

Nitoe mfano wa injini tunayokutana nayo sana huku, 1NZ-FE ya Toyota, iliyo kwenye Probox, Fielder na Axio nyingi za 1500. Injini hiyo ina cheni. Haina mkanda wa taimingi hata kidogo. Inatumia oili ya 5W-30, takribani lita 3.7 ukibadilisha na filta. Basi fundi akikuambia mkanda wa taimingi wa Probox yako umechakaa, mazungumzo yameisha. Kwa upande mwingine, Subaru za zamani zenye injini ya EJ20 zina mkanda kweli, na ukikatika unaweza kuharibu injini. Mwenye Subaru asimkatalie fundi kwa sababu amesoma habari za Probox.

Onyo kuhusu gia boksi. Magari mengi ya otomatiki yanayoletwa siku hizi yana gia ya CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, na CVT haitumii mafuta ya kawaida ya otomatiki. Fielder ya NZE141 ni mojawapo. Fundi akimimina ATF, yaani hayo mafuta ya kawaida ya otomatiki, humo, utaendesha siku kadhaa ukidhani mambo ni sawa, kisha gia itaanza kuteleza, na gia boksi ni bei ya ng'ombe kadhaa. Muulize kila fundi utakayemtembelea: "Hii yangu inatumia mafuta gani?" Asiyejua akisema "ngoja niangalie," huyo nampenda. Anayejibu "yote ni sawa tu, mama," mwage.

Umefaulu ikiwa: majibu manne yameandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Hatua ya 3: Kusanya majina matano, kwa swali sahihi

Wengi huuliza, "Fundi wako ni mzuri?" Kila mtu atajibu ndiyo, kwa sababu hataki kuonekana alichagua vibaya. Uliza hivi badala yake: "Mara ya mwisho fundi wako alikuambia usibadilishe kitu ilikuwa lini?"

Mtu mwenye fundi mwaminifu atakuwa na kisa. Atakwambia, "Nilidhani shokabzoba zimeisha, akaniambia ni bushi tu." Asiye na kisa chochote, jina alilokupa liandike mwisho wa orodha.

Waulize watu wenye gari kama lako linalotembea kilomita nyingi. Dereva wa Probox anayekwenda Luanda ya Vihiga na kurudi mara nne kwa siku hawezi kumvumilia fundi mwongo hata mwezi mmoja, maana gari likilala naye analala njaa. Madereva wa teksi, wenye matatu, na watu wanaosambaza mikate au maziwa ni wazuri pia. Muuza spea muulize kwa tahadhari: mafundi humletea wateja, naye huwapa chochote. Jina atakalolitoa huenda ni la anayemletea wateja wengi kuliko wote.

Pia tenganisha fani. Kuna fundi wa injini, fundi wa waya, fundi wa gia boksi, fundi wa bodi na rangi. Anayesema anafanya zote peke yake, kwa kawaida anazijaribia zote kwenye magari ya watu.

Kuhusu vyeti: mafundi wengi waliojifunza kazi juani wamefanya mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambao una daraja la III, la II na la I, na Kisumu ina kituo cha mafunzo cha NITA. Kuuliza si kukosa adabu. Lakini cheti kinathibitisha kuwa mtu anajua kazi. Hakisemi kama ataitoa betri yako na kuweka nyingine.

## Hatua ya 4: Tembelea gereji bila kulipeleka gari

Liache gari mbali, nenda kwa miguu, salimia, sema unatafuta fundi wa kudumu. Kaa robo saa. Ukiwa Kisumu utazunguka Obote Road, Kibuye na Kondele. Dada yangu alizunguka eneo la viwanda la Nakuru. Usitishwe na bati na udongo. Nimewaona mafundi hodari chini ya mwembe, na nimeona wezi kwenye sakafu ya vigae.

Tazama haya:

Nati zinawekwa wapi. Fundi anayefungua kitu na kuziweka nati kwenye mkebe, kila kazi na mkebe wake, atalifunga gari lako jinsi alivyolikuta. Anayeziacha chini kwenye mchanga atakurudishia gari likiwa na nati pungufu.

Gari limeinuliwa na nini. Likiwa juu ya jeki peke yake na kijana yuko chini, ondoka. Mtu asiyejali maisha ya mwanafunzi wake hatajali breki zako.

Oili chafu inakwenda wapi. Ikimwagwa kwenye mtaro, mtaro huo unaelekea ziwani. Kwangu mimi hiyo inatosha kumkataa mtu.

Magari yaliyoota nyasi. Ukihesabu matatu au manne ambayo majani yamefika kwenye tairi, uliza kwa upole yanangoja nini. Mara nyingi yalifunguliwa, pesa ya spea ikaliwa, na mwenyewe akachoka kupiga simu.

Injini hufunguliwa wapi. Nakuru, mji ambao jina lake wengi hulifasiri kuwa ni mahali pa vumbi, injini iliyoachwa wazi kutwa nzima itafungwa na mchanga ndani. Fundi makini huifunika hata kwa gunia safi.

Muulize pia nani hasa atakayeshika gari lako. Wanafunzi wa kazi wapo kila gereji, na hivyo ndivyo ufundi unavyorithishwa. Unachotaka kusikia ni kwamba mkubwa hukagua kabla gari halijatoka.

Umefaulu ikiwa: majina matano yamebaki mawili.

## Hatua ya 5: Kazi ya jaribio

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoamua yote. Wape mafundi wako wawili kila mmoja kazi ndogo, kwa siku tofauti, na uilipe kikamilifu: mmoja abadilishe oili na filta, mwingine akague breki na miguu ya mbele. Wote wawili waombe wakuambie hali ya gari kwa jumla.

Kabla hujaondoka nyumbani, fanya mambo mawili.

La kwanza ni rangi ya kucha. Weka nukta ndogo kwenye betri, altaneta, filta ya oili iliyopo, na tairi la akiba. Piga picha kila nukta. Filta ikirudi na nukta yako, haikubadilishwa. Betri ikirudi bila nukta, si yako.

La pili ni kasoro unayoijua. Chomoa fyuzi ya honi uiweke mfukoni. Haihatarishi mtu, mradi uendeshe taratibu hadi gereji. Kamwe usichezee breki, usukani au taa za nyuma kwa ajili ya jaribio.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza, fundi wa kwanza alibonyeza honi mara mbili, akasikiliza kimya, akatikisa kichwa. Akaniambia honi imeungua, na waya wa ndani ya usukani nao umekatika, jumla elfu tisa. Hakufungua kifuniko chochote. Nilimlipa sevisi yake nikamshukuru.

Wa pili alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alibonyeza mara moja. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akavuta kifuniko, akakigeuza juu chini kusoma mchoro ulio ndani, na kidole chake chenye grisi kikatembea mstari kwa mstari mpaka kikasimama. "Mama, hii fyuzi haiko. Kuna mtu ametoa?" Niliitoa mfukoni nikampa. Akaitazama, akanitazama, akaichomeka. Honi ikalia. Kisha akasema, "Umefanya vizuri. Sasa nipe ufunguo nione hizo breki." Ni mwaka wa sita sasa, na gari langu halijaguswa na mtu mwingine.

Wako wanaoniambia kwamba huku ni kumtega mtu. Sikubaliani nao. Unamlipa kwa muda wake, na unakabidhi mikononi mwake breki za gari linalobeba watoto wako. Mwalimu hupimwa, daktari hupimwa.

Kwenye breki, sikiliza jinsi anavyozungumza. "Pedi zimeisha" ni maneno tu. Fundi wa kweli atatoa gurudumu, akuonyeshe unene wa pedi, na ikiwezekana aupime. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi za kitambaa cha msuguano; zikifika 3, badilisha. Mzee wangu alisema, "Hapa kuna sita. Rudi baada ya Krismasi." Alikataa pesa ambayo ningempa bila kubisha.

Umefaulu ikiwa: fundi mmoja amekuonyesha kitu kwa macho yako, na amekuambia jambo moja ambalo halihitaji kutengenezwa.

## Hatua ya 6: Tenga uchunguzi na matengenezo

Siku ikifika ya tatizo halisi, lipia uchunguzi peke yake kwanza. Fundi anayechunguza bure atazirudisha pesa zake kwenye spea ambazo hukuzihitaji.

Maswali ni matatu, na uyaulize kwa utaratibu huu: *Umejuaje? Nionyeshe. Nisipotengeneza leo itakuwaje?*

Miaka ya nyuma gari langu lilikuwa likichemka kila nikipanda mlima wa Riat. Gereji moja, ambayo sitaitaja, iliniambia gasketi ya silinda hedi imekwisha, shilingi 38,000. Sikujua kuuliza umejuaje. Nililipa, injini ikafunguliwa, ikafungwa, na juma lililofuata lilichemka tena palepale. Kumbe ilikuwa kifuniko cha redieta. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka, mwufa mdogo kama unywele. Kifuniko hicho ndicho kinachotunza shinikizo ili maji yasichemke mapema. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na maji yasiyo na shinikizo huku huchemka hata kabla ya nyuzi 100. Kifuniko kipya kilinigharimu mia kadhaa.

Gasketi iliyoungua ina dalili zinazoonekana: moshi mweupe usiokwisha, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, mapovu yasiyokoma kwenye redieta injini ikiwaka, au kompresheni iliyoshuka kwenye silinda moja au mbili za jirani. Fundi akuonyeshe angalau moja. Onyo: usifungue kifuniko cha redieta injini ikiwa moto. Maji yatakurukia usoni.

Vivyo hivyo kwa taa ya injini kwenye dashibodi. Mashine husoma kodi, yaani namba ya hitilafu, na kodi haikutajii kifaa cha kununua. P0301 inasema silinda ya kwanza haiwaki sawasawa, basi. Huenda ni plagi, koili, injekta au kitu kingine. Jaribio lake ni la bure: fundi ahamishe koili ya silinda ya kwanza aiweke ya pili, na ya pili aiweke ya kwanza, afute kodi, mwendeshe kidogo. Kodi ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Isipogeuka, koili yako ni nzima na umeokoa pesa. Anayesoma kodi na papo hapo kukutuma dukani anakisia kwa mfuko wako.

### Makadirio yaandikwe

Sheria ya kuwalinda watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari, na wenye magari wengi hawaijui. Fundi anatakiwa kukupa makadirio kabla ya kukutoza. Haruhusiwi kuyazidisha kwa zaidi ya asilimia 10. Anapaswa kujitolea kukurudishia vipande vilivyotolewa. Na spea mpya aliyoiweka, pamoja na kazi yake, huhesabiwa kuwa na dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia.

Huna haja ya kumsomea sheria. Mtumie ujumbe wa WhatsApp, naye ajibu:

> "Fundi, habari ya asubuhi. Tumekubaliana hivi: kubadilisha bushi mbili za mbele na linki za stabilaiza. Spea nitanunua mimi. Kazi ni shilingi ____. Ukiona kitu kingine, nipigie kabla ya kufungua. Vipande vya zamani niwekee. Ni sawa?"

Akijibu "sawa," mna mkataba mfupi. Akikasirika kwa ujumbe mpole kama huo, afadhali umemjua mapema.

## Hatua ya 7: Spea, mahali pesa zinapovuja

Spea ziko za aina tatu: halisi za kampuni, mpya za watengenezaji wengine, na zilizotumika kutoka Japani. Kila moja ina mahali pake. Milango, vioo na taa za eksi-Japani ni nzuri. Pedi za breki, mikanda na mpira wowote uliotumika usinunue, hata ukipunguziwa.

Mwende pamoja dukani, au fundi akupe orodha nawe uende na kipande cha zamani mkononi na nambari ya chasi. Lipa duka moja kwa moja kwa nambari yao ya till, uombe risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA. Ujumbe wa M-Pesa uutunze. Kitu kikikosekana Kisumu, muuzaji huagiza Nairobi kikaja kwa basi. Lipa baada ya kukiona.

Ukifanya hivi, fundi atapoteza kile kidogo anachopata dukani, na hapa lazima uwe mtu wa haki. Kazi yake ilipe vizuri. Nimewaona watu wanaopunguza bei ya kazi mpaka fundi anabaki na nauli tu, halafu wanashangaa spea imepanda. Mimi humwambia wazi: "Mzee, spea nanunua mwenyewe, kwa hiyo kazi yako niambie bei inayokutosha." Huwa hazidishi.

## Hatua ya 8: Siku ya kazi

Piga picha ya kilomita na ya geji ya mafuta. Ondoa vitu vyako vyote. Kaa mpaka kitu kifunguliwe na ukione kwa macho. Baada ya hapo unaweza kwenda zako.

Gari likilazimika kulala gereji, piga picha ya betri, tairi la akiba, na kile kichujio cha moshi kwenye ekzosti. Kichujio hicho kina madini ghali na hukatwa kikauzwa. Gari likianza kunguruma ghafla baada ya kutoka gereji, chungulia chini kwanza.

Asiliendeshe mtu kwa majaribio bila wewe kuwemo.

## Hatua ya 9: Kulipokea gari kabla ya kumaliza malipo

Washeni gari, mwende pamoja. Kisumu, pandeni Riat hadi juu na mrudi. Nakuru, pandeni njia ya Menengai. Mlima ndio utakaoonyesha kama injini inachemka, gia inateleza, au nguvu imepungua. Jaribu breki mahali patupu.

Rudini, lizimeni, mlisubiri dakika ishirini likiwa juu ya karatasi au katoni safi. Tone lolote litaonekana.

Halafu kagua: nukta za rangi ya kucha zipo? Vipande vya zamani viko kwenye mfuko? Taa ya dashibodi imezimika? Oili iliyobaki umepewa? Ndipo umalize malipo. Ikiwa magurudumu yalitolewa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na fundi mzuri atakukumbusha mwenyewe.

## Hatua ya 10: Akikosea, na akikudanganya

Fundi mwaminifu hukosea. Mzee wangu aliwahi kufunga hozi vibaya, maji yakavuja. Nilipompigia alikuja kwa bodaboda usiku huohuo, na hakutaka pesa. Anayekosea hupokea simu.

Anayedanganya hubadilisha hadithi. Mara ni spea, mara ni barabara, mara ni wewe ulivyoendesha. Mpe nafasi moja ya kurekebisha, kwa maandishi, na siku iliyotajwa. Siku ikipita, usipigane naye wala usiende na vijana. Tafuta fundi wa pili akague na akuandikie alichokikuta, kisha upeleke madai kwenye mahakama ya madai madogo, ambayo husikiliza kesi za hadi shilingi milioni 1, inatakiwa kuzimaliza ndani ya siku 60, na wala hulazimiki kuwa na wakili.

Utakapokwenda, beba daftari la gari, ujumbe wa WhatsApp aliojibu "sawa," ujumbe wa M-Pesa, picha zenye tarehe, na kile kipande cha zamani, kikiwa bado kwenye mfuko wake.